Jiji likija kupanga mashamba yenu, msisubiri bikoni

Pembezoni mwa Jiji la Dodoma, kuanzia Ihumwa na Mtumba hadi Nala, shamba la uwele leo ni kitalu cha viwanja kesho. Wenye mashamba wengi huanza kuuliza maswali wakishaona bikoni za zege, yaani alama za mipaka ya viwanja, zikichimbiwa. Wamechelewa. Mchoro wa viwanja ukishaidhinishwa, kuubadilisha ni kurudi upya kwenye kamati ya mipango miji na kupanda tena ngazi zote za idhini, mara nyingi kwa gharama ya anayelalamika.

Mtiririko wenyewe kwa kawaida ni huu: eneo linatangazwa kuwa la upangaji, unaitishwa mkutano wa hadhara, wamiliki na mipaka yao wanatambuliwa, picha za anga zinapigwa, ofisa mipango miji anachora rasimu, kamati ya halmashauri inaijadili, idhini inatoka, ndipo mpima anaingia na bikoni. Hati ni mwisho kabisa. Sauti ya mwananchi ina uzito kati ya mkutano wa hadhara na kikao cha kamati. Kwa hiyo kwenye mkutano ule ombeni rasimu ibandikwe ofisi ya mtaa, na muhtasari uandikwe na kugongwa muhuri. Mahudhurio yaliyosainiwa bila muhtasari hutumika baadaye kuonyesha kwamba mliridhia.

Ugomvi wa kwanza ni wa ekari. Mashamba mengi yaliuzwa kwa hatua 70 kwa 70. Ekari kamili ina mita za mraba 4,047, yaani mraba wa karibu mita 63.6 kila upande. Mtu mwenye hatua ya sentimita 90 anakaribia: anapata 3,969. Mwenye hatua ya sentimita 75 anapata mita 52.5 kwa 52.5, sawa na 2,756. Karibu theluthi nzima ya ekari haipo. Mpima akija na vifaa vyake, mwenye "ekari tano" anaambiwa tatu na ushee, anaona ameibiwa na jiji, kumbe upungufu ulianza siku ya kununua. Pimeni wenyewe mapema kwa futi kamba ya mita 50, majirani wote wakiwepo, muandike vipimo na wote wasaini. GPS ya simu inaweza kupotea mita tatu hadi kumi, kwa hiyo haifai kuamulia mpaka.

Uzio wa minyaa huonekana vizuri kwenye picha za anga. Mpaka wa jiwe moja chini ya mbuyu hauonekani. Kabla droni haijaruka, wekeni kwenye kila pembe alama ya msalaba ya chokaa au gunia jeupe, upana mita moja hivi.

Droni ina kosa lake kubwa huku Dodoma: mara nyingi hurushwa kiangazi. Mwezi wa tisa korongo ni mchanga mweupe mkavu, tambarare, linalovutia kwa viwanja. Mvua za Desemba hadi Aprili zikija, maji yanapita palepale. Watembezeni wachoraji na mzee anayekumbuka maji yalifika wapi, mchomeke vigingi kwenye ukingo wa mafuriko, na mdai mkondo huo uingizwe kwenye mchoro kama hifadhi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto ziachwe bila shughuli za kuuharibu. Onyesheni pia malambo, njia za ng'ombe na makaburi. Kaburi lisiloonyeshwa siku ya utambuzi hugeuka kiwanja namba fulani, na kulihamisha baadaye ni kazi ya machozi.

Upande wa Makutupora kuna jambo jingine. Visima vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora, ndivyo vinavyolipatia jiji sehemu kubwa ya maji yake. Viwanja vidogo vyenye shimo la choo kila kimoja havifai juu ya bonde hilo. Mashamba ya mizabibu, yakitumia mbolea na dawa kwa kiasi, yanafaa zaidi. Anayepigania kilimo kibaki kwenye mchoro aanze na hoja ya maji, maana hiyo husikilizwa hata na wasiojali zabibu.

Sasa asilimia. Mara nyingi makubaliano ni mwenye shamba kubaki na sehemu ya viwanja na sehemu nyingine kulipia upangaji na upimaji. Tuseme ni 60 kwa 40. Swali ni asilimia ya nini? Chukua ekari 5, mita za mraba 20,235. Barabara na maeneo ya wazi yakila asilimia 30, zinabaki 14,164, sawa na viwanja 23 vya mita za mraba 600. Mgao ukifanywa hapo, mwenye shamba anapata viwanja 14. Lakini mgao ukifanywa kabla, kisha barabara zote zikatolewa kwenye sehemu yake, zinabaki mita za mraba 6,071: viwanja 10. Karatasi zote mbili zinasema 60 kwa 40! Andikeni: "baada ya kutoa barabara na huduma." Ongezeni na kifungu cha barabara kubwa, kwa sababu barabara ya mita 30 ikikatiza shamba kwa urefu wa mita 100 inameza mita za mraba 3,000, karibu robo tatu ya ekari, kwa mtu mmoja tu. Hasara hiyo igawanywe kwa kitalu kizima.

Ardhi ikitwaliwa kwa fidia, mthamini atampiga picha mwenye mali mbele ya nyumba akiwa ameshika kibao cha namba. Hakikisheni anayeshika kibao ndiye mmiliki, si mpangaji wala shemeji aliyekuwa karibu. Hesabuni mizabibu shina kwa shina kabla ya kusaini. Fidia inahesabu ardhi, majengo na mazao, pia posho ya usumbufu, usafiri na, kwa anayepoteza nyumba, kodi ya pango ya miezi 36. Chini ya Sheria ya Uthamini ya 2016, malipo yanatakiwa ndani ya miezi sita tangu uthamini kuidhinishwa, na uthamini ukipita miaka miwili unarudiwa. Wekeni tarehe hizo ukutani. Kule Kigamboni, Dar es Salaam, mpango wa mji mpya uliotangazwa 2008 uliwazuia watu kuendeleza maeneo yao kwa miaka, na mwishowe haukutekelezwa.

Wakati wa kungoja, limeni uwele, mtama au alizeti. Mzabibu mpya unataka zaidi ya mwaka kabla ya kuvuna, na uliopandwa baada ya siku ya uthamini haumo kwenye jedwali la malipo.