Kabla Hujaupiga Ukumbini, Usome Kwanza

Juzi bi harusi mtarajiwa alinitumia ujumbe: "Kaka, nataka tukate keki na ule wimbo wa bendi ya roki ya The Police, 'Every Breath You Take'. Nitafsirie kidogo niweke kwenye kadi." Nilikaa na simu mkononi kitambo. Kidonda kilitoneshwa.

Mwaka 2016, kwenye harusi ya dada yangu, nyimbo nilichagua mimi. Keki ilipoletwa nikaupiga huohuo, nikashika maiki na kuwaeleza wageni kwamba huyu ni mume anayempenda mkewe kwa kila pumzi. Mjomba, mwalimu wa Kiingereza mstaafu, akasema meza nzima ikisikia: "Mjomba, umeusoma huu wimbo au umeusikia tu?" Dada aliinamisha uso. Picha za keki ile mpaka leo sizifungui.

Usiku uleule niliyanakili maneno yote kwenye daftari, nikapigia mstari vitenzi. Mwanamume yule kazi yake ni moja: kutazama. Kila hatua, kila tabasamu la uongo, anatazama. Mwanamke hapewi hata neno moja la kujibu, ila anaambiwa kuwa yeye ni wake. Ubeti wa kati ndio unaotoa siri: mwanamke ameshaondoka zamani! Hapo hakuna ndoa, kuna mtu anayenyemelewa.

Sting, mwimbaji wa The Police, aliutunga Jamaica mwaka 1982, ndoa yake ya kwanza ikiwa imevunjika, na mwenyewe ameshaeleza kwamba ni wimbo wa wivu na wa kumchunguza mtu. Mwaka 1983 ulishika namba moja Marekani kwa wiki 8. Gita la Andy Summers, mpiga gita wa bendi hiyo, linabembeleza mno, nalo ndilo lililonihadaa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, zima muziki, soma maneno. Jiulize anayesema ni nani, na anayesemwa yuko wapi. Kisha soma tena, muziki ukiwa umezimwa. Sisi tumelelewa na taarabu. Kijembe kikirushwa ukumbini tunajua kimemlenga nani kabla ubeti haujaisha. Masikio hayohayo yapelekeni kwenye roki. Msikubali kiitikio kitamu kiwasemee mambo ambayo hamkuyakusudia, tena mbele ya wazazi.

Yule bi harusi mtarajiwa sikumtafsiria kipande. Nilimtumia maneno yote, nikamwomba ayasome na mwenzake. Jana usiku akajibu: walipofika ubeti wa kati, mchumba wake aliweka simu chini akauliza, "Kwani huyu mwanamke amekwenda wapi?"