Sheria mpya za NFL: swali la kwanza ni refa ataonaje

Mkuu mleta uzi, umeuliza mambo mawili. La kwanza, kwa nini NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, kila mwaka lazima waguse sheria zao. La pili, kwa nini ule mtindo wa Philadelphia Eagles wa kumsukuma kwa nyuma kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi, wenyewe wanauita tush push, uliwafikisha mabilionea wazima kwenye kupigiana kura. Wengi hapo juu wamejibu ni pesa na televisheni. Sikatai, pesa ipo. Ila hilo halikuelezi kwa nini pendekezo moja linapita na lingine linagonga mwamba.

Mimi naishi Minnesota, na Ijumaa jioni msimu ukianza nashika mnyororo kwenye mechi za sekondari ya mtaani kwetu. Kazi ya kujitolea, malipo yake ni kahawa na hot dog. Kwa ambaye hajawahi kuufuatilia mchezo huu: timu ina majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Ikifika inapewa manne mengine, isipofika mpira unakwenda kwa wapinzani. Pembeni mwa uwanja kuna watu wenye fimbo mbili zilizounganishwa kwa mnyororo wa yadi 10 kamili, na ndio sisi. Ukikaa hapo unauona mchezo kwa jicho tofauti kabisa na la mtu wa kwenye kochi.

Kwanza utaratibu. Pendekezo huletwa na klabu yoyote au na Kamati ya Mashindano ya ligi. Wamiliki wa klabu 32 hukutana Machi, na ili lipite linahitaji kura 24, yaani robo tatu. Watu wa soka msishangae, IFAB, bodi inayotunga sheria za soka, nao ni hivyohivyo: kura 8, na bila 6 hakibadiliki kitu.

Halafu jua kwamba nyuma ya mapendekezo mengi kuna aliyeumia. Januari 2019 Kansas City Chiefs walifungwa na Patriots 37-31 kwenye muda wa nyongeza, kwotabeki wao Patrick Mahomes akiwa benchi bila kuugusa mpira, kwa sababu aliyeshinda kura ya shilingi alipata tachidauni, yaani aliufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, moja kwa moja na mechi ikaisha. Chiefs wakapendekeza kila timu ipewe nafasi ya kushambulia. Halikupita. Miaka mitatu baadaye, Januari 2022, Chiefs haohao wakawafanyia Buffalo Bills vilevile, 42-36, na safari hii kwotabeki wa Bills, Josh Allen, ndiye aliyebaki ameshika kofia mkononi. Nchi nzima ikapiga kelele, na Machi hiyo sheria ikabadilishwa kwa mechi za mtoano, kura 29 kwa 3. Mwaka 2025 wakaipeleka na kwenye mechi za kawaida za msimu.

Sasa twende kwenye huo msukumo. Ikibaki yadi moja au chini yake, kwotabeki wa Eagles, Jalen Hurts, anainama nyuma ya senta, yule anayempa mpira kuanza mchezo, safu ya mbele inashuka chini kabisa, na wenzake wawili watatu wanamsukuma kwa nyuma. Ukizoea raga utasema mbona hii ni kawaida, na ni kweli. Wapinzani walishindwa kuuzuia, wakaanza kulalamika. Green Bay Packers walitolewa na Eagles kwenye mtoano Januari 2025, 22-10, kisha wao ndio wakaandika pendekezo la kuupiga marufuku. Mei mwaka huo wamiliki walikutana hapa Minneapolis, Jason Kelce aliyekuwa senta wa Eagles akaletwa kuutetea, kura zikahesabiwa: 22 wanataka upigwe marufuku, 10 hawataki. Pungufu ya kura mbili. Na ndiyo, matokeo ya kura ni yaleyale ya mechi. Mashabiki wa Eagles hawatakaa waache kuwakumbusha.

Hoja rasmi ilikuwa usalama wa wachezaji. Mimi haikuniingia, kwa sababu hapakuwa na rundo la majeruhi la kuonyesha. Hoja ya maana ni nyingine kabisa, nayo naiona kila Ijumaa kutoka pembeni.

Zikibaki inchi chache, watu ishirini na wawili hulundikana sehemu moja. Refa wa pembeni anaingia mbio, mguu mmoja umetangulia, na pale unapokanyaga mguu huo ndipo mpira utawekwa. Je, aliuona mpira? Mara nyingi hapana. Aliona mgongo wa mtu, labda kiwiko, akakadiria. Wa upande wa pili naye anaingia na makadirio yake. Wanatazamana, mmoja anasogea nusu hatua ili walingane. Baada ya hapo ndipo sisi tunaitwa na mnyororo wetu. Tuna kibanio kidogo tunachokibana kwenye mnyororo pale unapokatiza mstari wa yadi tano, ili tukiubeba mpaka katikati ya uwanja tuurudishe mahali palepale. Umati unanyamaza, fimbo inavutwa, refa anaonyesha kwa vidole: zimebaki inchi mbili. Inchi mbili za uhakika kabisa, zilizopimwa kutoka mahali ambapo mtu alikisia kwa mguu!

Msidhani huko juu ni tofauti sana. Msimu wa 2025 NFL walianza kupima kwa kamera za Hawk-Eye, hizi tunazozijua kwenye tenisi na kwenye goli la soka, na wenye minyororo wakabaki akiba. Safi. Lakini kamera zinapima kutoka pale mpira ulipowekwa, na anayeuweka bado ni binadamu. Hata chipu iliyomo ndani ya mpira haikuambii goti la mtu liligusa nyasi saa ngapi. Fainali ya AFC, moja ya nusu mbili za NFL, ya Januari 2025, Bills wakiongoza 22-21 robo ya mwisho, Josh Allen alijichomeka kwenye jaribio la nne. Refa mmoja alikuja na mahali pake, mwenzake na pake, marudio ya video hayakutegua kitu, wakaambiwa hawakufika. Chiefs wakashinda 32-29. Jumapili hiyohiyo, kwenye fainali ya NFC, nusu ya pili, Frankie Luvu wa Washington alikuwa anaruka juu ya safu kabla mpira haujachezwa, mara kadhaa, mpaka refa akatangaza kwa kipaza sauti kwamba wakiendelea atawapa Eagles pointi za bure. Ningekuwa na kura, ningeogopa zaidi vurugu hizo kuliko huo msukumo wenyewe.

Na kuna historia ambayo waliotaka marufuku waliipita haraka. Zamani kumsukuma mwenzako mwenye mpira kulikuwa kosa. Katazo hilo liliondolewa 2005, na si kwa sababu mtu alipenda misukumo. Waamuzi walikuwa hawawezi kutenganisha anayesukuma na aliyegongana tu na mwenzake kwenye rundo. Packers walichoomba ni kurudisha kosa lilelile kwenye rundo lilelile, kwa macho yaleyale.

Ndiyo maana nikisoma pendekezo lolote, la kwanza najiuliza refa ataonaje. Chukua ile ya 2019. Saints walinyimwa faulo ya wazi dhidi ya Rams kwenye fainali ya NFC, hata bibi asiyejua mchezo aliiona. Kwa hasira, wamiliki wakapitisha kura 31 kwa 1 kwamba faulo za kumzuia mpokeaji zikaguliwe kwa video. Msimu mmoja tu ikafa. Kila mguso ukawa mjadala, makocha wakawa hawajui kipi kitabadilishwa na kipi kitaachwa. Nyie wa VAR na mpira wa mkono hamhitaji maelezo zaidi hapo.

Marufuku ya 2024 dhidi ya kumkaba mtu kiunoni na kumwangukia miguuni, nayo kwa sehemu kubwa imekuwa ya faini za katikati ya wiki. Uwanjani kitambaa cha njano, kile refa anachorusha akiona kosa, hukioni, kwa sababu tukio lenyewe ni la nusu sekunde.

Linganisha na mpira wa kuanzia, ule unaopigwa mbali kwa mguu ili wapinzani waudake na kuurudisha mbio. Super Bowl, fainali kuu ya NFL, ya Februari 2024 hakuna hata mmoja uliorudishwa, yote iliishia nyuma kabisa, mtu anapiga na watu wanakwenda kunywa maji. Kikosi cha mipira hiyo ya kuanzia ndicho alichopitia Mkenya Daniel Adongo alipotoka raga kwenda Indianapolis Colts mwaka 2013, kilikuwa mlango wa watu kama yeye. NFL wakachukua mfumo wa XFL, ligi nyingine ndogo ya Marekani: wachezaji wengi wa pande zote mbili wanasimama karibukaribu, hawaruhusiwi kukimbia mpaka mpira uguse chini au ushikwe. 2025 wakaongeza kwamba ukiupiga mpaka nyuma kabisa ukatua huko, mpinzani anaanzia yadi ya 35. Urudishaji ukafufuka. Na refa kazi yake nyepesi: mguu umesogea au haujasogea.

Kwa hiyo, mkuu, tush push mimi ningeiacha. Ningewabana kwenye vinavyoonekana: gadi, yule wa safu ya mbele pembeni mwa senta, kuanza kabla mpira haujachezwa, au mtu kujipanga kichwa kikiwa kimevuka mstari wa mpira. Mechi ya Eagles na Chiefs Septemba 2025 magadi walitangulia waziwazi, vitambaa vikabaki viunoni.

Kura yangu ingekwenda kwa pendekezo ambalo hapa jukwaani hakuna aliyeligusa, la Detroit Lions la 2025. Leo beki akimshika jezi mpokeaji, adhabu ni yadi tano pamoja na majaribio mapya manne. Yaani timu ina yadi 20 za kutafuta kwenye jaribio la tatu, jezi inavutwa upande ambao mpira hata haukwenda, na wanaanza upya kama vile walifika. Lions walisema zibaki yadi tano peke yake. Refa angeendelea kuona kilekile anachokiona sasa, kinachobadilika ni bei tu. Wamiliki walilikataa.