Juisi sikuipenda, dafu lilichacha: je, nirudishiwe pesa zangu?

SWALI

Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Majengo, Mombasa. Ijumaa iliyopita niliwapeleka wanangu mkahawani, nikaagiza glasi ya juisi ya tende na maziwa, shilingi 250. Nilipiga mafunda mawili nisiipende, iliki ilinizidi. Nikamwita mhudumu nikamwambia hii kama dawa, nataka pesa zangu. Mwenye mkahawa mwanzo alikataa. Nikapandisha sauti, watu wakageuka, mwishowe akanihesabia 250 zangu huku amenuna. Jioni tukaenda Lighthouse kupunga upepo, nikanunua dafu la shilingi 80, nikalipa kwa M-Pesa. Funda la kwanza tu, maji makali, yanawasha ulimi, yana povu. Nikamrudishia muuzaji pale pale, naye akasema, "Dafu likishakatwa ni lako, mama." Nikaona haya kugombania shilingi 80, nikaliacha. Sasa mume wangu asema zile 250 ni haramu, nizirudishe. Mavyaa wangu asema mteja ana haki yake. Na jirani amenishauri nizirivasi zile 80, yaani niiombe kampuni ya M-Pesa izirudishe kwangu, niseme nilikosea namba. Sheikh, lipi ndilo sawa?

JIBU

Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakatuh, binti yangu. Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na maswahaba zake.

Nimelisoma swali lako mara mbili. Nakwambia mapema ili moyo utulie: mumeo ana ukweli kwenye juisi, na mavyaa wako ana ukweli kwenye dafu, ingawa sidhani kama dafu ndilo alilokuwa akilitetea. Mkahawani ulidai kwa nguvu pesa ambazo hukuwa na haki ya kuzidai. Lighthouse ukaacha kwa haya pesa zilizokuwa haki yako.

Tuanze na juisi. Mkishauziana kwa kuridhiana, kitu ni cha mnunuzi na thamani ni ya muuzaji. Allah anasema katika Suratun Nisaa, aya ya 29, tusiliane mali zetu kwa batili, ila iwe ni biashara ya kuridhiana baina yetu. Wewe uliagiza juisi ya tende na maziwa, ukaletewa juisi ya tende na maziwa. Haikuchacha wala haikuingia nzi. Hukusema "usitie iliki", wala yeye hakukwambia kuwa haina iliki. Na pwani hii yetu, iliki kwenye tende na maziwa si kitu cha kumshtua mtu.

Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Imam Shafii wameieleza kasoro inayompa mnunuzi khiyari ya kurudisha: ni kila kinachopunguza kitu chenyewe au thamani yake hadi lengo sahihi la kukinunua likakosekana, na iwe kwa kawaida vitu vya jinsi ile havina kasoro hiyo. Ipime iliki kwa mizani hiyo. Glasi ile ile ingepelekwa meza ya pili, huenda mtu angeinywa akaagiza nyingine. Kwa hiyo hapo hapana kasoro, pana ladha isiyokuwa yako.

Tofauti hii ameionyesha Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Nyumbani kwa mkewe, Bi Maymuna, aliletewa nyama ya mjusi wa jangwani iliyochomwa. Alipoambiwa ni nini, akauondoa mkono wake. Khalid bin Walid akauliza, je, ni haramu? Akajibu kuwa si haramu, ila mnyama huyo hayuko katika nchi ya watu wake, na anajiona hampendi. Khalid akaivuta nyama akaila, naye Mtume anamtazama. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Nyama ilikuwa moja; mmoja nafsi yake haikuitaka, mwingine akaila kwa raha, wala haikusemwa kuwa mpishi amekosea.

Na lile neno "hii kama dawa", ulilisema mbele ya wanao na mbele ya mhudumu. Abu Huraira (r.a.) amepokea kuwa Mtume hakupata kukitia chakula ila, yaani kasoro, hata siku moja, akikitamani hukila, asipokitamani hukiacha. Imam Nawawi akiisherehesha hadithi hii ametaja mifano ya kukitia ila: kusema kina chumvi nyingi, hakina chumvi, kichachu, chepesi, hakikuiva. Ni maneno tunayoyatoa kila siku juu ya sinia la biriani bila kuwaza kuwa aliyesimama jikoni anasikia. Kumwambia muuzaji "maziwa haya yameharibika" si katika hayo, kwa sababu hiyo ni habari anayoihitaji.

Je, ilikuwa makosa kuomba pesa? Kuomba si makosa. Ungemwambia mwenye mkahawa kwa upole, "Ndugu yangu, juisi haina ubaya, mimi ndiye sikuiweza, waweza kunisaidia?", naye akakubali kwa moyo mkunjufu, pesa zingekuwa halali yako, na yeye angepata fungu kubwa. Jambo hilo kwenye fiqhi huitwa iqala, kumkubalia mtu kuvunja mauzo aliyoyajutia. Abu Dawud na Ibn Majah wamepokea kuwa anayemvunjia Muislamu mauzo yake, Allah atamfutia kuteleza kwake Siku ya Kiyama. Lakini iqala ni hisani, na hisani haitolewi kwa kukabwa. Yeye alitoa kwa sababu watu waligeuka. Wanazuoni husema kinachochukuliwa kwa upanga wa haya ni haramu, yaani mtu akikupa mali yake kwa kuogopa fedheha mbele za watu, radhi haikupatikana hata kama mkono wake ndio uliotoa. Tena glasi iliyopigwa mafunda mawili haiuziki, imemwagwa. Hasara yote imemwangukia mtu ambaye hakukosa.

Sasa dafu, na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu "likishakatwa ni lako" ni neno ambalo Mombasa nzima huliona ni sheria, na si sheria.

Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, kwenye Minhaj, kitabu chake cha fiqhi ya Kishafii, alizungumzia kitu ambacho kasoro yake ya ndani haijulikani mpaka kivunjwe. Akatoa mifano ya yai, nazi, na tikiti lenye wadudu. Naam, nazi. Akasema mnunuzi hukirudisha, wala halipi chochote kwa ule uvunjaji, kwa kauli yenye nguvu zaidi. Sababu yake iko wazi: utaijuaje kasoro ya dafu bila ya kulikata? Panga la muuzaji kukata lile tundu la juu ndiyo njia pekee ya kuyafikia maji, basi kukatwa hakuwezi kuwa ndiko kunakoiua haki yako. Maji ya dafu yaliyochacha yakawasha ulimi si suala la ladha; ni kasoro, na hata yeye muuzaji angelionja angelitema. Na kama ungeagiza dafu akakukatia koroma, ungekuwa na haki pia, kwa kuwa hicho sicho mlichouziana. Ama dafu zima lisilo na ubaya ila tu si tamu kama ulivyotaraji, hilo ni lako, isipokuwa alikwambia mwenyewe, "Si tamu, usilipe." Waislamu hufungwa na masharti yao.

Kuna mipaka, na wewe uliichunga bila kujua. Ulirudisha pale pale kwenye funda la kwanza. Kwetu mashafii haki ya kurudisha kwa kasoro ni ya papo hapo kwa kadiri ya ada; ukijua ukiwa ndani ya swala au mezani unakula, waweza kumaliza kwanza, lakini huwezi kuimaliza sahani ya pilau yenyewe kisha ukasema ilikuwa na ila. Vilevile, lau baada ya kuonja maji mabaya ungemwambia alipasue vipande viwili ulambe nyama yake, ungezidisha uharibifu ambao haukuhitajika ili kuijua kasoro, na hapo hukumu ingebadilika. Na kitu kikiwa kimeharibika hata hakina thamani yoyote, kama yai viza, mauzo hayakusihi tangu mwanzo na pesa zote hurudi.

Huenda mtu akauliza juu ya vile vibao vya dukani visemavyo kuwa kilichouzwa hakirudishwi. Nawawi analo jibu hapa pia: muuzaji akishartisha kuwa hana dhima ya kasoro, sharti hilo humwokoa kwenye kasoro ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua, si penginepo. Kibao hakigeuzi dafu bovu likawa zima. Katiba yetu ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 46, nayo inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa.

Simwiti muuzaji wako mwizi. Madafu yale huja kwa gari kutoka Kilifi na Kwale, na ndani haoni kama usivyoona wewe. Yule aliyeingizwa mkono kwenye rundo lake la nafaka soko la Madina, vidole vya Mtume vikapata unyevu, alijua kuwa mvua imeinyeshea na akaificha chini. Huyo ndiye aliyeambiwa kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Muuzaji wako hakuficha. Lakini kutojua humwondolea dhambi, hakumwondolei wajibu wa kurudisha. Wengi wao pale Lighthouse hilo wanalijua, hukukatia jingine bila maneno.

Kuhusu kurivasi, usifanye. Hata kama shilingi 80 ni haki yako, kuiambia kampuni kuwa ulikosea namba ni uongo, na namba hukuikosea.

Basi fanya hivi. Nenda mkahawani wakati hapana watu wengi, mpe mwenyewe 250 zake, umwambie ulimtoa haya. Akisema kwa moyo safi, "Nimekusamehe, zichukue", ni zako halali. Ila muulize kwanza jambo moja: je, ile glasi alikatwa mhudumu? Ziko kazi ambazo kila kinachorudishwa hukatwa kwenye mshahara wa aliyehudumu. Ikiwa ndivyo, mwombe zimfikie mhudumu, na kwa neno la "kama dawa" umwombe radhi mhudumu huyo mbele ya wanao, kwani walikuwapo uliposema. Kwa mwenye madafu, ukipita tena, mkumbushe kwa upole. Akikukatia jingine, kunywa. Na ukitaka kumwachia, mwambie kuwa umemwachia, asibaki na deni asilolijua.

Wallahu a'lam.