Umekwaruza gari na mwenyewe hayupo: sheria ya Uingereza inakutaka nini?

Majibu haya ni kwa wasomaji wetu wanaoendesha magari England, Wales na Scotland. Sheria inayohusika ni ile ya barabarani ya mwaka 1988, kifungu cha 170.

SWALI: Ndugu Mhariri, nikikwaruza gari lililoegeshwa supamaketi na mwenyewe haonekani, je, nikiacha karatasi yenye namba yangu ya simu kwenye kioo nimemaliza wajibu? Jamaa zangu wanasema inatosha. Leseni yangu ya hapa ina miezi saba tu. – Msomaji, Leicester

JIBU: Haitoshi. Karatasi ni uungwana, na tunakusihi uiache, lakini upepo ukiipeperusha hakuna aliyepewa chochote. Sheria inahusu barabara na mahali pa umma, kwa hiyo maegesho yaliyo wazi kwa wateja yamo. Inakutaka usimame, kisha umpe mtu mwenye sababu ya kukuuliza jina na anwani yako, jina na anwani ya mwenye gari kama si lako, na namba ya gari. Kutoa maelezo hayo si kukiri kosa.

Kama hukumpa mtu yeyote maelezo hayo, lazima uripoti polisi mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote ndani ya saa 24. Wengi hudhani wamepewa siku nzima ya kujipanga. Sivyo. Kama ungeweza kufika kituoni jioni ileile ukaamua kwenda kesho yake, unaweza kuhesabiwa umechelewa hata kabla ya saa 24 kutimia. Tena, ripoti hutolewa kituoni au kwa askari, ana kwa ana. Piga 101, namba ya polisi kwa mambo yasiyo ya dharura, uulize kituo gani kina kaunta iliyo wazi, maana nyingi zimefungwa, lakini usiichukulie simu hiyo kuwa ndiyo ripoti. Nenda mwenyewe, na usiondoke bila namba ya kumbukumbu. Piga picha za magari yote mawili, na uijulishe kampuni yako ya bima hata kama utalipa mfukoni mwako: mikataba mingi ya bima inadai hivyo.

Hiyo miezi saba ndiyo inayotutia wasiwasi. Kutosimama na kutoripoti ni makosa mawili tofauti, na kila moja lina pointi za adhabu 5 hadi 10 kwenye leseni, faini, hata kifungo kisichozidi miezi 6. Dereva anayefikisha pointi 6 ndani ya miaka 2 tangu afaulu mtihani wake wa kwanza hufutiwa leseni. Hurudi kwenye leseni ya mwanafunzi na kufanya upya mtihani wa nadharia na wa barabarani. Mkwaruzo ambao bima ingeumaliza unaweza kukugharimu kazi, kama kazi yako ni ya usukani.

SWALI: Mwendesha baiskeli aliyegusana na gari langu aliinuka akasema hana neno, akaenda zake. Je, niripoti? – Msomaji, Reading

JIBU: Ndiyo. Mchubuko tu ni jeraha kisheria, na maumivu mengine huja usiku. Mtu akijeruhiwa, kuna sharti la ziada: usipoonyesha cheti cha bima palepale kwa askari au kwa mtu mwenye haki ya kukidai, unaripoti polisi ndani ya muda uleule na kukionyesha. Kama hunacho siku hiyo, una siku 7 tangu ajali kukipeleka kituo ulichokitaja uliporipoti. Siku 7 ni za cheti. Ripoti yenyewe haisubiri.

SWALI: Na nikigonga paka? – Msomaji, Birmingham

JIBU: Paka hamo kwenye kifungu hiki. Waliomo ni farasi, ng'ombe, punda, baghala, kondoo, nguruwe, mbuzi na mbwa, mradi mnyama hakuwa ndani ya gari lako mwenyewe. Hata hivyo paka ana mwenyewe anayemtafuta. Ukiweza, uliza nyumba za jirani, au mpeleke kwa daktari wa mifugo.