Wasomaji Wanauliza: Gari la taka limeacha matawi yangu getini, kosa langu nini?

SWALI: Habari za kazi, mhariri. Mi ni mjumbe wa kamati ya mtaa. Manispaa yetu inabadilisha sheria ndogo za ukusanyaji taka na wametutaka maoni. Tukaitisha mkutano ikawa vurugu tupu, mmoja anataka gari lipite kila siku, mwingine anasema waongeze faini, mwingine kafura maana matawi yake yamekaa getini wiki nzima na hakuna aliyemwambia kakosea wapi. Tuandike nini?

JIBU: Anzeni na huyo wa matawi, maana lalamiko lake limebeba karibu mambo yote. Sheria nyingi zinasema tu "taka za bustani zifungwe vizuri", sasa vizuri ndo vipi? Mwenye nyumba anafunga tita refu zito, mzoa taka akilishika halinyanyuki, dereva anapiga honi ana mitaa mingine ya kupita, basi linabaki hapo na kila mtu anamlaumu mwenzie. Dawa yake ni vipimo. Miji mingi ya Marekani imeandika wazi kwamba tita lisizidi futi 4, yaani kama mita 1.2, na liwe la uzito wa kubebwa na mtu mmoja. Alafu lifungwe kwa kamba ya katani, sio waya, maana waya ukiingia kwenye mashine ya kusaga matawi unajiviringisha kwenye visu na kazi inasimama. Na ongezeni kipengele kimoja ambacho wengi wanakisahau: wazoaji wakiacha kitu waache na kikaratasi chenye sababu, limezidi urefu, lina waya, limechanganywa na taka nyingine, wanaweka tiki wanaondoka. Ugomvi nusu unaisha hapo.

Kuhusu gari kila siku, hapana, ni kuchoma mafuta bure. Ila msiweke ratiba moja kwa taka zote. Za jikoni zinaoza, na kwenye joto nzi anatoka yai mpaka kuruka kwa siku 7 hadi 10 hivi, kwa iyo zikikaa zaidi ya wiki mmefuga nzi wenyewe. Sehemu za joto mi ningeomba mara mbili kwa wiki. Matawi makavu hayana haraka, hata kila baada ya wiki mbili yanasubiri, isipokuwa msimu wa majani kudondoka au baada ya dhoruba ndo gari liongezwe. Majani yakiachwa barabarani mvua inayasomba mpaka kwenye mitaro, inaziba, alafu tunashangaa mafuriko.

Majani yasipande gari moja na taka za ndani. Yakifukiwa dampo pasipo hewa yanatoa methane, gesi inayoshika joto kuliko kaboni dayoksaidi zaidi ya mara 25 ukipima kwa miaka 100. Yakienda kwenye mboji yanakuwa mali. Lakini hapo plastiki ndo adui, mfuko ukishapita kwenye mashine unakuwa vipande vidogo vidogo, nani ataviokota? Andikeni pipa lisilo na mfuko, au mfuko wa karatasi.

Faini mi naona iwe ya mwisho kabisa. Korea Kusini tangu 1995 wanalipisha kwa ujazo, unanunua mifuko maalumu, ukitupa kidogo unalipa kidogo. Nzuri, ila kuchukua majani kuwe bure au karibu na bure, la sivyo watu watayatupa korongoni usiku. Na wazee wasioweza kusukuma pipa mpaka barabarani wafuatwe mlangoni, hilo liandikwe kabisa kwenye sheria lisiachwe kwa huruma ya dereva.

SWALI: Jirani anachoma majani kila jioni, nguo zangu zote zinanuka moshi. Sheria imkataze?

JIBU: Imkataze ndio, moshi wa majani mabichi una chembe ndogo sana zinazofika ndani kabisa ya mapafu, mwenye pumu ndo anaumia zaidi. Lakini katazo lianze siku gari la majani linapoanza kupita, sio kabla. Mtu umemfungia moto na gari hujamletea, hayo majani ayale?

SWALI: Nikikata nyasi lazima nizikusanye nizitoe kwa gari?

JIBU: Wala. Kata mara kwa mara, usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mkato mmoja, alafu ziache hapohapo chini. Sehemu kubwa ya jani ni maji, zinanyauka haraka na naitrojeni inarudi ardhini. Zikiwa ndefu na zimelowa, hizo kusanya, maana zikilala mabonge zinaua nyasi za chini.