Usilipe arubuni ya sahani hizo

Usilipe hiyo arubuni, yaani malipo ya awali, Ijumaa. Nimelisoma swali lako lote, mwanangu, na nilipofika pale unapoeleza kwamba umempata mfanyabiashara wa Mombasa atakayekuletea sahani, vikombe na vijiko "vinavyooza vyenyewe" kwa ajili ya harusi yenu ya Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, hapa Lamu, nililazimika kuiweka simu chini kwanza, kwa sababu maneno aliyokwambia ndiyo niliyoambiwa mimi, pamoja na hilo jani la kijani lililochapwa kwenye kitako cha sahani. Unataka harusi isiyoacha taka, na nia hiyo ni njema sana. Umeuliza mengi, lakini hapa nakujibu la vyombo na la maji ya kunywa. Naanza na vyombo, maana huko ndiko ninakokuona unatumbukia katika shimo lile lile nililotumbukia mimi.

Miaka sita iliyopita nilimwozesha binti yangu wa kwanza. Tulialika watu 600, wanaume wakila kwetu na wanawake kwa ndugu yangu mtaa wa pili, siku mbili mfululizo. Nilikuwa nimechoka kuona kila harusi inapokwisha mtaani mtaro umejaa visahani vyeupe vya plastiki vinavyongoja mvua ivikokote mpaka baharini, nami niliapa kwamba harusi ya mwanangu haitakuwa hivyo. Basi nikanunua sahani 1,200 kwa shilingi 28 kila moja, vikombe 1,500 kwa shilingi 14 na vijiko 1,200 kwa shilingi 7, jumla shilingi 63,000, kisha nikalipa shilingi 9,500 nyingine za lori hadi Mokowe, gati ya upande wa bara, mashua hadi mjini na punda hadi mlangoni. Shilingi 72,500 zilitoka mkononi mwangu kabla hata mchele haujanunuliwa.

Muuzaji wangu alinihakikishia kwamba vyombo vimetengenezwa kwa mahindi, kwamba vikifukiwa shambani masika moja tu yanatosha kuvigeuza mbolea, na kwamba hata vikianguka baharini havina neno. Nilipomuuliza kama vinaruhusiwa, alijibu kwamba Serikali isingeacha viuzwe kama vingekuwa na madhara. Niliridhika, kwa kuwa nilidhani, kama wengi wanavyodhani, kwamba tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini Kenya Agosti 2017 kila kilichobaki dukani kimeshachujwa. Sivyo. Marufuku ile ilikuwa ya mifuko, na ile iliyofuata Juni 2020 ilihusu plastiki za kutumiwa mara moja katika maeneo ya hifadhi, yaani mbuga za taifa, fukwe, misitu na kadhalika. Sahani ya pilau ndani ya nyumba yako mtaani haikuguswa na marufuku hizo mbili, na muuzaji alilijua pengo hilo vizuri kuliko mimi.

Aibu ya kwanza ilikuja na chai. Plastiki hii ya mahindi huanza kulegea joto linapokaribia nyuzi 60, na chai ya maziwa inayotoka jikoni ni ya moto kuliko hapo. Kikombe cha kwanza kilijikunja mkononi mwa mjomba wa bwana harusi, mtu mzima aliyetoka kisiwa cha Pate alfajiri kwa ajili yetu, na chai yote ikammwagikia mapajani. Sitaisahau sura yake alivyojizuia asipige ukelele mbele ya watu. Mchana pilau ilipoanza kupakuliwa, sahani zilibonyea katikati, wageni wakawa wanazishika kwa mikono miwili na hawana mkono wa kulia chakula, mpaka waandazi walipoamua kubandika sahani mbili mbili kwa kila mtu. Kwa hiyo hesabu yangu ya siku mbili iliisha siku moja, na usiku ule nilimtuma kijana dukani akanunue zile zile sahani nyeupe za plastiki nilizokuwa nimezikimbia. Nililia jikoni, wala sioni haya kulisema.

Asubuhi yake tulikuwa na magunia 11. Upepo wa kusi ulikuwa unavuma, na vikombe vilivyoachwa vibarazani vilishateremka vichochoroni usiku kucha hadi ufukweni. Magunia tuliyoyapanga ukutani yalichanwa na punda, kwa sababu punda wa Lamu hana habari na jani la kijani. Anachojua ni harufu ya chakula. Punda wa jirani yetu alikataa kula siku tatu, akapelekwa kwa madaktari wa mifugo. Alipona, lakini siku zote hizo jirani hakubeba mchanga wala mawe ya mtu, na siku ya punda kutofanya kazi ni siku ya watoto wa mwenye punda kukosa. Tulimlipa fidia, na nilikuwa tayari kumlipa zaidi.

Nikayapeleka magunia yaliyobaki kwa vijana wanaokusanya plastiki, nikijua kwamba mji huu umeonyesha plastiki inaweza kuwa na kazi ya pili: Flipflopi, jahazi lililoundwa hapa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, lilizinduliwa mwaka 2018 na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Vijana wakanikatalia kwa adabu, nao walikuwa na haki. Plastiki ya mahindi ikichanganywa na plastiki ya kawaida inapoyeyushwa huiharibu, maana hazifanani kwa joto wala kwa nguvu. Hebu fikiria: nimelipa ghali zaidi, nikapata taka ambayo hata wanaozitafuta taka hawaitaki.

Nililobakiwa nalo ni kufanya kama nilivyoelekezwa, kwa hiyo tukazifukia sahani hizo shambani, chini ya miembe, shimo la kwenda kiunoni. Masika yakapita, vuli ikapita. Miezi 11 baadaye tulipokuwa tunachimba kupanda minazi, jembe liligonga sahani. Zilikuwa nzima. Mafuta ya pilau yalikuwa yametoka, udongo ulikuwa umeingia kwenye mikunjo, lakini jani la kijani na maandishi yake vilisomeka kama siku ya kwanza.

Nilimpigia simu muuzaji siku ile ile. Alinijibu, bila hata kupandisha sauti, kwamba bidhaa zile zinahitaji kupelekwa katika mtambo maalumu wa mboji. Alijua! Alijua kwamba plastiki ile huoza pale tu inapowekwa penye unyevu na joto la nyuzi kama 60 kwa wiki nyingi bila kupoa, joto ambalo udongo wa shamba haulifikii hata kiangazi, na maji ya bahari hayalikaribii kabisa. Alijua kwamba ninaishi kisiwani, kwamba mtambo kama huo hatuna, na kwamba sitausafirisha mzigo wa makombo kwenda kuutafuta bara. Mtu akikuuzia plastiki na kuiita plastiki, angalau umechagua mwenyewe. Huyu aliuza plastiki kwa jina la mbolea, akawauzia watu waliokuwa wanajaribu kutenda jema, na jambo hilo linaniuma zaidi kuliko pesa zenyewe.

Tangu hapo nina sharti moja, na ningekuomba ulishike kuliko lingine lolote utakaloambiwa hapa: kitu kisichokuwa na mwenyewe wa kukidai kesho yake asubuhi kisiingie harusini. Usiulize kimetengenezwa kwa nini, wala kina alama gani, wala kinaoza kwa muda gani. Uliza nani atakuja kukidai. Sinia ya kuazima ina mwenyewe, naye atabisha hodi. Sahani ya shilingi 28 haina mtu anayeijali tangu tonge la mwisho linapoliwa.

Binti yangu wa pili alipoolewa tuliazima sinia. Watu ni wale wale 600, watu wanne kwa sinia, nao wanakula kwa zamu mbili katika nyumba mbili, kwa hiyo hatukuhitaji sinia 150 kwa mpigo. 80 zilitosha, kwa sababu za zamu ya kwanza zilioshwa huku ya pili inasubiri. Tulizikusanya kwa jamaa na majirani wiki moja kabla. Kila sinia ilitiwa nukta za rangi ya kucha chini, kila nyumba rangi yake na idadi yake ya nukta, na shangazi yangu mmoja, mtu asiyesahau deni, alikabidhiwa daftari. Hakikisha daftari liko kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo asipewe kazi nyingine yoyote siku hiyo. Vijiko hatukuviweka, wazee wachache waliovitaka waliletewa vya jikoni. Waoshaji sita tuliwalipa shilingi 1,500 kila mmoja, maji na sabuni vikala shilingi 3,000, na sinia mbili zilizopotea tulizinunua upya kwa shilingi 1,800. Jumla ni shilingi 13,800, na asubuhi yake takataka zote ziliingia katika gunia moja, nyingi zikiwa maganda ya vitunguu na ndizi.

Najua utaambiwa kwamba kuosha kunamaliza maji, na katika mji unaotegemea visima vya matuta ya mchanga ya Shela hoja hiyo si ya kupuuzwa. Sisi tulitumia madramu matatu ya lita 200 kwa kila mlo. Siri yake ni kwamba sinia moja ni chombo kimoja cha kuosha badala ya vinne. Makombo yalikwanguliwa kwanza yakaenda kwa mbuzi na kuku, kisha sinia zikapita karai la sabuni na makarai mawili ya kusuuza, na maji ya karai la mwisho yakahamishiwa la kwanza badala ya kumwagwa. Yaliyobaki tuliyamwagia migomba uani.

Maji ya kunywa yanafuata sharti lile lile. Wageni 600 wakipewa chupa mbili mbili, hizo ni chupa 1,200 kwa siku zisizo na mwenyewe. Weka madumu ya lita 20 yenye bomba pembeni mwa kila chumba, na bilauri za kuazima, nazo zitiwe nukta vilevile.

Mwambie muuzaji kwamba umeghairi, na kama umeshamtangulizia chochote, bora upoteze hicho kidogo. Kisha tuma watu wawili wapite nyumba za jamaa zenu leo, wahesabu sinia zilizopo kabla hazijaahidiwa harusi nyingine, maana Mfunguo Mosi kila mtu anaozesha. Sinia zangu 14 zimo kabatini, kila moja ina nukta mbili nyekundu chini. Nitumie ujumbe kabla ya Ijumaa nikuelekeze nyumba, na atakayekuja kuzichukua aje na daftari.