Maswali ya Wasomaji: Mashine ya Kufulia ya Mkono

Toleo lililopita tulionyesha namna ya kutengeneza mashine ya kufulia inayozungushwa kwa mkono, kwa pipa la plastiki na vipuri vya baiskeli. Barua zimekuja kutoka Igoma, Nyakato, Kirumba, Sengerema na Ukerewe. Tunazijibu hapa, na mbili za kwanza tunazijibu kwa kirefu kwa sababu ndipo wengi walipokwama.

Swali: Habari za kazi, fundi. Nimelaza pipa la lita 60 kwenye fremu ya chuma nikaliwekea mpini. Nazungusha robo saa mpaka bega linauma, lakini kola za mashati ya shule na pindo za suruali zinatoka na uchafu wake. Nikiongeza kasi ndiyo inakuwa mbaya zaidi. Nakosea wapi? (Msomaji, Igoma)

Jibu: Kasi ndiyo inayokuponza, ndugu msomaji, na ukuta laini wa pipa unaisaidia. Nguo hutakata pale maji yanapopenya kwenye nyuzi zake na kutoka. Nguo na maji vikienda pamoja upande mmoja, hakuna kinachopenya. Ukizungusha polepole kwenye pipa laini, nguo zinateleza chini kama furushi moja. Ukikimbiza, zinabanwa ukutani na kuzunguka na pipa bila kudondoka.

Kasi ya kunata ukutani inapigiwa hesabu hivi: chukua kipenyo cha pipa kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha gawanya 42 kwa jibu hilo. Pipa lenye kipenyo cha sm 40 linatoa karibu mizunguko 66 kwa dakika. Ukifika hapo umeacha kufua. Kazi nzuri iko kwenye mizunguko 45 hadi 50. Pipa la lita 200, lenye kipenyo cha karibu sm 57, linanata kwenye 56, kwa hiyo lizungushwe kama 40. Pima kwa saa ya simu mara moja tu. Baada ya hapo sikio litakuongoza. Mashine inayofua inasikika ikipiga, pwaa, kimya kidogo, pwaa. Ukisikia mchirizi mfululizo, nguo zinateleza. Ukisikia kimya na mpini umekuwa mwepesi ghafla, zimenata.

Sasa ukuta. Weka mapezi matatu, yaani matuta marefu ya ndani yanayoinua nguo. Chukua bomba la PVC la inchi 4, lipasue katikati kwa urefu. Kila nusu ina mgongo wa kama sm 5.5, unaotosha pipa lako. Likate kwa urefu wa ndani wa pipa ukipunguza sm 4, kingo zipige msasa mpaka kiganja kipite bila kukwaruzwa. Mzingo wa pipa la sm 40 ni karibu sm 126, kwa hiyo pezi moja na jingine viachane sm 42. Funga kila pezi kwa bolti tatu za M6 (unene wa mm 6) za chuma kisichoshika kutu, kichwa kikae ndani na nati nje, na kila tundu liwe na washa iliyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Toboa mgongo wa pezi matundu ya mm 10, kila baada ya sm 8, ili maji linayoyapandisha yamwagikie nguo kutoka juu.

Hili si jambo jipya. Henry Sidgier alipopata hataza yake (haki ya kisheria ya uvumbuzi) Uingereza mwaka 1782, ngoma yake haikuwa na ukuta mzima. Ilikuwa tundu la fito za mbao linalozunguka ndani ya maji kwa mpini, maji yanaingia na kutoka kati ya fito. James King wa Marekani aliendelea na ngoma ya kuzungushwa kwa mkono mwaka 1851. Mapezi yako yanafanya kazi iliyofanywa na zile fito.

Halafu kiasi. Lita 60 zibebe kilo 4 za nguo kavu, siyo zaidi, na maji lita 20. Ukijaza mpaka juu, nguo hazina pa kudondokea, na kudondoka ndiko kunakofua. Loweka nusu saa, paka sabuni ya kipande kwenye kola na pindo kwa mkono, kisha zungusha dakika 4 upande mmoja na 4 upande wa pili. Kubadili upande usikuache. Ukizungusha upande mmoja tu, mikono ya mashati inajisokota na shuka linameza soksi zote.

Swali: Mimi ni fundi wa kuchomelea, Nyakato. Mteja anataka mashine ya kusimama, yenye vigingi vinavyokoroga nguo kutoka juu. Nimefunga gurudumu zito kwenye shafti ya vigingi ili mkono usichoke. Imekuwa nyepesi kweli, lakini nguo zinatoka zimesokotwa kama kamba, na shati moja limechanika bega. Nifanyeje? (Fundi, Nyakato)

Jibu: Gurudumu ni zuri, ila umeliweka kwenye shafti isiyo yake. Gurudumu zito linataka kwenda upande mmoja bila kusita. Vigingi vinatakiwa kwenda na kurudi. Ukivifunga kwenye shafti moja, gurudumu linashinda na nguo inasokotwa mpaka mshono uachie.

Mafundi wa zamani walipambana na jambo hilihili. Hamilton Smith wa Marekani alipata hataza ya mashine ya kuzunguka mwaka 1858, na mwaka 1863 akaongeza utaratibu wa kurudi nyuma. Mwaka 1874 William Blackstone, wa Bluffton jimboni Indiana, alimtengenezea mkewe mashine ya pipa la mbao: mpini juu, gia, na vigingi vinavyoshika nguo na kuzipeleka huku na huku majini. Kilichobaki kilikuwa kumpa mtu mpini wa kuzungusha upande mmoja tu, huku vigingi vikirudi vyenyewe. Hapo ndipo gurudumu linapata mahali pake.

Tenga shafti mbili. Ya kwanza ni ya mpini na gurudumu, nayo inazunguka daima upande mmoja. Mwishoni mwake chomelea krenki, yaani mkono wenye pini mwishoni, ya sm 10, kutoka katikati ya shafti hadi katikati ya pini. Pembeni weka mhimili mfupi wenye mkono wa sm 18, na kwenye mhimili huohuo sproketi ya mbele ya baiskeli yenye meno 44. Unganisha krenki na mkono kwa koni-rodi (fito ya kuunganisha) ya sm 40 au zaidi. Gurudumu likizunguka, mkono utacheza kwenda na kurudi nyuzi kama 67. Kutoka kwenye meno 44 vuta cheni mpaka sproketi ya meno 18 iliyo kwenye shafti ya vigingi. Nyuzi 67 zinakuwa karibu 165, yaani karibu nusu duara kwenda na nusu duara kurudi. Zungusha mpini mara 45 hadi 50 kwa dakika.

Usiirefushe krenki ukidhani utapata mzunguko mkubwa zaidi. Ikikaribia sm 18 za mkono, koni-rodi na mkono vinanyooka kwenye mstari mmoja na mashine inagoma palepale. Ukitaka kuongeza, badili meno ya sproketi.

Kosa linalowapata mafundi wengi liko kwenye hiyo sproketi ndogo. Ukichukua friwili ya nyuma ya baiskeli kama ilivyo, inasukuma upande mmoja na kuteleza upande wa pili, na vigingi havitarudi. Fungua friwili, toa vile viulimi na springi zake, kisha chomelea ganda la nje na la ndani pande mbili zinazotazamana, kwa nukta fupi fupi ili isipinde. Cheni ilegee sm 1 tu katikati. Ikilegea zaidi, kila inaporudi inapiga, na baada ya wiki chache meno yanakuwa makali kama ya msumeno.

Shafti ya mm 20 inakaa kwenye beringi 6204. Chukua zilizozibwa kwa mpira pande zote mbili, maana zilizo wazi zinakufa kwa mvuke wa sabuni. Vigingi viwe vinne, virefu sm 15, vichwa vya mviringo, na vibakize sm 5 kufika chini ya pipa. Tumia bomba nene la plastiki. Usitumie mninga, hata kama una vipande vizuri karakanani: utomvu wake ni mwekundu kama damu, na shati jeupe halitakusamehe.

Swali: Nafua nguo za watu Kirumba. Nimenunua kikamulio cha rola mbili kwa fundi. Kinavunja vifungo, na mpira wa rola umebonyea upande mmoja. Kinatengenezeka? (Mama nguo, Kirumba)

Jibu: Kinatengenezeka, mama. Kwanza angalia kama rola ya juu imefungwa kwa bolti pande mbili. Kama ndiyo, hapo ndipo vifungo vinapovunjikia: rola haina pa kupandia nguo nene ikifika. Badala ya bolti kavu weka springi kila upande, moja kulia na moja kushoto, na juu ya kila springi skrubu ya kukaza. Kaza kwa idadi ileile ya mizunguko, la sivyo nguo inakimbilia upande uliolegea.

John Turnbull wa New Brunswick, Kanada, alikuwa ameunganisha rola za kukamulia na mashine ya kufulia tangu mwaka 1843. Kilichozifanya rola zisiumize nguo ni mpira uliopikwa na salfa, ambao Charles Goodyear aliupatia hataza mwaka 1844: unabonyea kwenye kifungo, kisha unarudi.

Wako haurudi tena kwa sababu umelala ukiwa umebanwa. Kila ukimaliza kazi, legeza springi kabisa. Kuvika mpira mpya, chukua bomba la chuma la inchi 2 na tyubu ya pikipiki inayolibana hata ikiwa haina upepo. Paka maji ya sabuni, vuta tyubu ipite bomba sm 2 kila upande, vika na ya pili juu yake, kisha funga ncha kwa waya. Mafuta ya taa na grisi visiuguse mpira huo. Vinaulainisha mpaka unanata kwenye nguo.

Vifungo vikunjie ndani, zipu ifungwe, na nguo iingie kwa upande wenye mshono ikiwa bapa. Weka ubao mbele ya rola, wenye upenyo mwembamba wa kupitisha nguo tu, ili vidole visifike. Rola zinavuta kidole kwa urahisi kama zinavyovuta shati, na watoto wanapenda sana kuzungusha mpini huo. Usiwaache nao peke yao hata dakika moja.

Swali: Maji yanavuja pale shafti inapoingia kwenye pipa la kulala. Nimepaka gundi mara tatu. (Msomaji, Sengerema)

Jibu: Gundi haishiki kwenye plastiki ya pipa, na shafti ikitikisika inabanduka. Usipitishe shafti ndani. Chomelea kipande cha shafti kwenye flanji (bamba la duara la chuma) ya sm 15, weka flanji nyingine kwa ndani, kati ya kila flanji na plastiki weka duara la mpira wa tyubu ya lori, kisha bana kwa bolti nne za M8. Pipa, flanji na shafti vinazunguka pamoja, kwa hiyo hakuna mahali chuma kinaposuguana na mpira. Flanji ya ndani ifunikwe kwa bamba la plastiki ili kutu isichore nguo.

Swali: Huku Ukerewe tunachota maji ziwani. Mashine inajaa povu na nguo hazitakati. Pia mwanangu ndiye anayechota, naogopa kichocho. (Mama wa watoto watatu, Ukerewe)

Jibu: Maji ya ziwa letu la Victoria ni laini, hayana chokaa nyingi, kwa hiyo sabuni kidogo inatosha. Kwa lita 20 tumia vijiko vitatu vya chakula vya sabuni ya unga. Povu likizidi linakuwa godoro: nguo inadondokea juu yake badala ya kupiga maji. Kama limeshajaa, usiongeze kasi. Mwaga nusu ya maji na ongeza maji matupu.

Kuhusu kichocho, mama, hofu yako ni ya kweli, na hatari iko pale anaposimama majini. Vijidudu vyake vinatoka kwa konokono na kuingia mwilini kupitia ngozi. Chotea kwenye jiwe au gatini, kwa ndoo yenye kamba, mbali na matete na magugu maji ambako konokono hukaa, na kazi hiyo aifanye mtu mzima. Maji yachuje kwa kitambaa kizito ili yasiingie na konokono, yakae kwenye pipa lenye kifuniko siku mbili kamili ndipo yatumike; vijidudu vikikosa mwili wa kuingia, vinakufa ndani ya muda huo. Uwe na mapipa mawili yanayopokezana, ili siku ya kufua maji yawe yameshatimiza siku zake.

Kitambaa hichohicho kinazuia ule ukijani wa maji ambao huacha nguo nyeupe na rangi ya majani. Nguo zenye shombo la dagaa ziloweke kwanza kwenye maji baridi; maji ya moto yanagandisha uchafu wa samaki kwenye nyuzi. Kung'uta magamba yote kabla hazijaingia kwenye pipa, maana hujikusanya kwenye matundu ya mapezi na kuyaziba. Maji ya sabuni ukimaliza yamwage kwenye shimo la kokoto lililo mbali na ufuko, yasirudi pale mnapochota.